Reli ikifa, vyuma vyake huenda wapi?

Makambako ni mji uliokuzwa na njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo, na hapo hapo inachepuka ile ya Njombe hadi Songea. Juu ya barabara zote mbili kuna reli ya TAZARA, iliyopanda milima kutoka Mlimba kwa mahandaki na madaraja hadi kufika kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini. Mfanyabiashara wa viazi mviringo, mbao au parachichi anayefika Makambako ana hesabu moja kichwani: mzigo upande lori au usubiri behewa?

Kwa miaka mingi jibu limekuwa lori. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976 ikiwa na uwezo wa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Haikuwahi kufikia kiwango hicho, na katika mwaka wa 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000 tu.

Septemba 2025 ukasainiwa mkataba wa miaka 30 kati ya Tanzania, Zambia na kampuni ya CCECC ya China, wenye uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Fedha hizo ni za kukarabati njia na kuleta vichwa vipya vya treni na mabehewa. Wengi wamezungumzia vyuma vipya vitakavyokuja. Ni wachache wanaouliza kuhusu vile vya zamani: reli zitakazong'olewa, vichwa vilivyochoka, mabehewa, matangi na mashine za karakana. Vitauzwa kwa kilo, vitahifadhiwa, au vitafanya kazi nyingine?

Swali hilo si geni Afrika Mashariki. Eneo hili limeshazika reli kadhaa, na kila moja imeacha funzo kuhusu mali iliyobaki baada ya honi ya mwisho kulia.

Watalii wa Bububu

Mfano wa zamani zaidi uko Zanzibar. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua reli nyembamba kutoka mjini hadi Bububu, umbali wa kilometa kama 11. Injini ndogo za mvuke zilikokota mabehewa ya abiria katikati ya vichochoro vya mji na kutokea kwenye mashamba ya mikarafuu na minazi. Wenyeji waliitumia kwenda na kurudi mjini, na wageni walioshuka kwenye meli kwa saa chache waliipanda ili kuona mashamba kabla meli yao haijang'oa nanga. Kwa lugha ya leo, hiyo ilikuwa treni ya utalii.

Magari yalipoanza kuchukua abiria, mapato ya reli yalipungua. Katika miaka ya 1920 huduma ya abiria ikasimamishwa, na njia ikabakizwa kubeba mawe ya ujenzi wa bandari. Injini iliyokuwa ikitembeza wageni ikamalizia maisha kama punda wa kubeba mawe, kisha nayo ikapotea. Leo msafiri wa Bububu yuko ndani ya daladala.

Hata hivyo, katika hesabu za biashara uamuzi wa kubeba mawe haukuwa mbaya. Mashine ambayo gharama yake ya kununua imeshalipwa inaweza kuendelea kuleta faida kwa kazi duni, mradi mapato ya kila siku yazidi mafuta, mishahara na vipuri. Tatizo ni kwamba hakuna kilichotengwa kwa ajili ya kesho. Utalii wa Zanzibar ulipokuja kukua miongo mingi baadaye, reli ile ilikuwa imebaki kwenye picha.

Nachingwea: reli iliyong'olewa mapema

Mfano wa pili uko kusini, na ndio wenye uchungu zaidi kwa mkulima. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, kwenye maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili kuhudumia Nachingwea ikajengwa bandari mpya ya Mtwara, pamoja na reli ya kuingia bara. Mradi ulikuwa na uhaba wa mitambo kiasi kwamba vifaru vya vita aina ya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta. Karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

Reli ikabaki bila mzigo iliojengewa. Ikajikongoja kwa miaka kadhaa na hatimaye mwaka 1962 ikafungwa, njia ikang'olewa. Kwa vitabu vya hesabu vya wakati ule uamuzi ulieleweka: hasara kila mwaka, mzigo kidogo, na chuma chenye thamani kimelala ardhini bila kazi.

Lakini kitu kimoja hakikuwemo kwenye vitabu hivyo. Wakulima wa Mtwara na Lindi walikuwa wakipanda mikorosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 145,000 za korosho, kiwango kilichobaki rekodi kwa miongo mingi, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Reli ilikuwa imetoweka miaka 11 kabla ya mzigo wake kufika. Korosho hizo zikasafirishwa kwa malori kwenye barabara ambazo masika zilikuwa zikigeuka matope.

Leo serikali ina mpango wa kujenga reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ya karibu kilometa 1,000, ikiwa na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga wilayani Ludewa, mkoani Njombe. Sehemu ya kazi hiyo itakuwa kupasua upya eneo ambalo reli ilishawahi kupita. Atakayelipa gharama ya kung'oa mapema ni mjukuu.

Milima iliyoyeyushwa

Baada ya vita, Shirika la Reli la Afrika Mashariki liliagiza kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Uingereza vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 252, na vilitambulika kuwa vichwa vikubwa kuliko vyote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, ukiwemo Rungwe, jirani wa watu wa Njombe.

Injini za dizeli zilipochukua nafasi, vichwa hivyo vilianza kuondolewa kimoja kimoja, na mwaka 1980 kazi yao ikawa imekwisha. Wakati huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika tangu mwaka 1977, na kila nchi ilibaki na vilivyokuwa ndani ya mipaka yake. Mgawanyo rasmi wa mali za Jumuiya ulikuja kukubaliwa mwaka 1984. Katika kipindi kama hicho cha sintofahamu, mashine isiyo na mwenyewe anayeijali haina maisha marefu. Karibu vyote vikakatwa kwa gesi na kwenda kuyeyushwa.

Mmoja wa walionusurika ni Mount Gelai, mlima wa Tanzania uliobaki Nairobi. Kichwa hicho kiko katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilifufuliwa kikavuta treni za watalii, wageni wakilipia kuona mvuke ukitoka kwenye mtambo wa tani 252. Safari hizo zilikuwa za msimu na hazikudumu. Kutunza boila, mabomba na fundi anayejua mvuke kunahitaji fedha kila mwezi, hata mwezi ambao mtalii hakuja.

Hali hiyo iliwakumba hata Afrika Kusini, nchi yenye utalii mkubwa wa treni za mvuke. Njia maarufu ya Outeniqua, kati ya George na Knysna, iliharibiwa na mvua na maporomoko mwaka 2006. Treni ikahamishiwa upande wa Mossel Bay, na miaka michache baadaye ikasimama. Injini na mabehewa yakabaki kwenye jengo la makumbusho mjini George. Utalii peke yake ni mguu mmoja, na kiti cha mguu mmoja hakikaliki.

Waliookota na kujenga

Wapo waliofanya tofauti. Nchini Eritrea reli ya Massawa hadi Asmara, ya kilometa 118, ilisimama katika miaka ya vita. Askari waling'oa reli na mataruma ya chuma wakajengea mahandaki yao. Baada ya uhuru, kuanzia mwaka 1994, wastaafu wa reli waliitwa warudi kazini. Vyuma vikakusanywa kutoka kwenye mahandaki, injini za zamani zikafunguliwa na kufungwa upya, na mwaka 2003 treni ikafika Asmara. Chuma kilichowekwa akiba mahali fulani, hata kama ni kwenye handaki, kiliweza kurudi. Kilichoyeyushwa kisingerudi.

Mfano wa pili uko Zambia, na unaihusu zaidi Makambako. Huko kulikuwa na reli ya kampuni ya kupasua mbao ya Zambezi Sawmills, iliyosomba magogo kutoka Mulobezi hadi Livingstone. Biashara ya mbao ilipoporomoka, injini za mvuke ziliachwa msituni. Baadhi ziliokolewa na kupelekwa makumbusho ya reli mjini Livingstone. Moja, namba 156, ikatengenezwa na kuanza kuvuta treni ya chakula cha jioni kwa watalii wanaokwenda kuona daraja la Maporomoko ya Victoria.

Livingstone ilifanikiwa kwa sababu wageni walikuwa wameshafika mjini kuona maporomoko, na treni ikawa nyongeza ya kuwafanya watumie fedha zaidi. Jambo jingine ni upana wa njia. Reli ya Zambia ina upana wa milimeta 1,067 sawa na TAZARA, wakati Reli ya Kati ya zamani ina milimeta 1,000. Ndiyo maana treni ya kitalii ya Rovos Rail, kutoka Afrika Kusini, iliweza kufika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza mwaka 1993 ikipitia Makambako. Injini ya Livingstone inaweza kusimama kwenye reli za Makambako bila kubadilishwa magurudumu. Mount Gelai haiwezi.

Mvuke wa Njombe uko kiwandani

TAZARA yenyewe haikutegemea mvuke. Ilianza na vichwa vya dizeli kutoka China, na katika miaka ya 1980 vikaongezwa vingine vyenye nguvu zaidi. Hivyo Makambako hakuna kaburi la injini za makaa ya mawe. Lakini anayedhani mvuke umekwisha Njombe aende viwandani.

Mwaka 1949 shirika la CDC la Uingereza lilianzisha Tanganyika Wattle Company, inayojulikana kama TANWAT, ili kulima miwati na kutoa tanini kwenye magome kwa ajili ya kusindika ngozi. Kazi hiyo huhitaji maji ya moto na mvuke kwa wingi. Mwaka 1995 kampuni hiyo ikawasha mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaotumia kuni: mti unachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, umeme unatoka. Viwanda vya chai navyo hutumia boila za kuni kupasha hewa ya kunyausha na kukausha majani.

Kwa hiyo ujuzi uliokuwa ukihitajika kwenye kichwa cha treni ya mvuke bado una soko Njombe: kupima kina cha maji, kusafisha magamba ya chokaa, kubadilisha mabomba, kulinda vali ya usalama. Kisheria boila ya kiwandani inatakiwa ikaguliwe na wakala wa OSHA, kwa sababu boila iliyopuuzwa ni bomu.

Hapa ndipo mjasiriamali anapaswa kuwa makini. Si kila boila kuukuu ni bahati. Chuma kilichofanya kazi miaka 40 huliwa na kutu kwa ndani, mahali jicho halifiki. Anayenunua boila iliyotumika ili akaushie mbao au asindike matunda, bila cheti cha ukaguzi na bila mtu wa kupima unene wa bati lake, ananunua hasara.

Hesabu ya kilo na hesabu ya kazi

Uzito wa reli za TAZARA ni kilo 45 kwa kila mita. Njia moja ina reli mbili, hivyo mita moja ya njia ina kilo 90 za chuma, na kilometa moja ina tani 90. Kwa urefu wote wa kilometa 1,860, bila kuhesabu njia za pembeni, ni zaidi ya tani 167,000. Huo ni mlima wa chuma, na si ajabu wanunuzi wa chuma chakavu wakiutolea macho.

Chukua mfano wa njia ya pembeni ya kupakilia mizigo yenye urefu wa mita 500. Ina tani 45 za reli. Tuseme, kwa mfano tu, chuma chakavu kinauzwa shilingi 800 kwa kilo. Mauzo yatakuwa shilingi milioni 36, zinazolipwa mara moja na kwisha.

Sasa tuseme njia hiyo ikibaki inamwezesha mfanyabiashara kuokoa shilingi 30,000 kwa kila tani anayosafirisha kwa treni badala ya lori. Tani 1,200 zinatosha kufikia milioni 36 zile zile. Kwa mabehewa ya tani 40, ni mabehewa 30. Mkoa unaotoa viazi, mahindi, mbao, nguzo, chai na parachichi hauwezi kukosa mabehewa 30, ila kwa sharti moja: treni ije siku iliyoahidiwa. Parachichi halisubiri kikao, na viazi vikikaa juani vinageuka kijani.

Bila treni ya uhakika, njia ya pembeni ni chuma kinacholiwa na kutu, na mwenye hesabu ya kilo ana hoja. Kwa hiyo uamuzi wa kuuza au kutunza usifanywe kwa kuangalia mzigo wa jana peke yake. Nachingwea walitazama karanga zilizokwama, hawakuona mikorosho iliyokuwa ikikua. Waliochora ramani ya TAZARA miaka ya 1960 walifikiria zaidi shaba ya Zambia, si parachichi la Njombe kwenda Ulaya.

Kipo pia kichekesho cha chuma. Liganga, wilayani Ludewa, kuna hazina kubwa ya madini ya chuma inayozungumzwa kwa miongo mingi, na mradi wake na ule wa makaa ya mawe ya Mchuchuma ulisainiwa na mwekezaji wa Kichina mwaka 2011. Mkoa uliokalia chuma bado unanunua nondo za kutoka mbali, na nyingi kati ya nondo za Afrika Mashariki hutokana na chuma chakavu. Chuma cha reli kikiondoka kama taka, kitarudi kama nondo kwa bei ya dukani.

Nini kifanyike

Mali bila daftari huisha bila habari. Hatua ya kwanza, kabla jeki moja haijainuliwa, ni orodha ya wazi ya kila kifaa kinachoachwa katika stesheni na karakana: kipo wapi, kina hali gani, kinaweza kufanya kazi gani. Orodha hiyo ibandikwe mahali halmashauri na wananchi wanaweza kuisoma.

Hatua ya pili ni kugawa vifaa katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni vinavyoweza kuendelea na kazi ya reli, hasa vipuri vya kusaidia vichwa vya zamani katika kipindi cha mpito. Fungu la pili ni vinavyofaa kazi nyingine: reli kuukuu kuwa mihimili ya madaraja madogo ya vijijini, matangi kuwa ya maji baada ya kusafishwa kitaalamu, mashine za karakana kwenda vyuo vya ufundi. Mataruma ya mbao yaliyopakwa dawa yasitumike kwenye mabanda ya mifugo wala maghala ya chakula, maana dawa hiyo ni sumu.

Fungu la tatu ni kumbukumbu. Kichwa kimoja cha dizeli cha miaka ya 1970, kikiwekwa chini ya paa na kupakwa rangi vizuri, kingewaeleza watoto wa Makambako jinsi Watanzania, Wazambia na Wachina walivyopasua milima ya Mlimba. Kisitarajiwe kuleta faida peke yake. Kiwekwe karibu na soko na mahali pa kula, ambapo msafiri wa barabara kuu anasimama tayari.

Fungu la nne ndilo la kuyeyushwa, kwa mnada wa wazi na mizani iliyohakikiwa. Aidha, mwananchi akumbuke kuwa kununua kipande cha reli kisicho na hati ni kununua kesi. Kenya ililazimika kusimamisha biashara yote ya chuma chakavu mwaka 2022, baada ya waharibifu kugusa miundombinu ya umeme. Walioumia ni pamoja na wafanyabiashara halali.

Vyuma vipya vitakapoanza kupanda mlima kutoka Mlimba, Makambako itapiga vigelegele, na itakuwa na haki. Lakini siku hiyo hiyo mtu mmoja mwenye daftari asimame upande wa pili wa stesheni, akihesabu kinachoondoka.